Nilimwambia Mzee Wanakuja

Kwanza naomba ninyi wasomaji wa gazeti hili mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, tena madarasa hayo niliyasoma katika nchi tatu, na kila mwalimu alinifundisha kuandika kwa namna yake. Naandika polepole. Barua hii nimeianza Jumapili na sijui nitaimaliza lini. Mimi si mtu wa maneno. Hata kanisani, nikiombwa kutoa ushuhuda, natazama viatu vyangu mpaka wanamwita mwingine. Lakini jambo hili nikiendelea kulinyamazia litanila ndani.

Ni kweli tupu. Sinywi pombe, na siku ile sikuwa na homa. Wengi mnafikiri mambo haya hutokea usiku wa manane, makaburini. Langu lilinipata saa tisa mchana, jua linawaka, mkononi nimeshika ndoo ya maji ya sabuni.

Naishi Durban, mtaa wa Albert Park, ghorofa ya tisa, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujahamia. Tulitoka Fizi, upande wa Kongo, nikiwa mdogo. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na yaya Wilondja. Yaya kwetu ni kaka mkubwa. Baba alibaki huko, na sitaeleza alibakije.

Kazi yangu ni kuosha magari, lakini si magari ya watu wa mjini. Chini ya kilima cha Bluff, upande wa bandari, kuna yadi ambamo magari yaliyotumika Japani hushushwa kutoka melini na kungoja. Hayaruhusiwi kubaki Afrika Kusini. Yanapita tu, kama sisi tulivyofikiri tutapita. Madereva huyapeleka kwa msafara, matano au kumi pamoja, mpaka Zambia, mpaka Lubumbashi. Kabla hayajaondoka, mimi na mwenzangu Nduwayo, kijana wa Burundi, tunayaosha na kutoa uchafu wa ndani.

Yadi ina kanuni mbili. Ya kwanza, kinachokutwa ndani ya gari ni cha aliyeliosha. Tunakiita baraka ya gari. Ya pili, usikae ndani ya gari lililowashwa huku umefunga vioo, maana moshi hauna miguu, hutausikia ukiingia. Kanuni hii ya pili aliiweka Papa Asukulu, mkuu wa madereva, ambaye pia ni shemasi wa kanisa letu. Naomba mzikumbuke zote mbili.

Baraka zenyewe si vitu vya kuuza. Watu wa Japani wanasafisha magari yao kabla ya kuyatoa, nadhani hata kanisa lao halisafishwi hivyo. Lakini kila mtu ana mahali ambapo mkono wake haufiki, na mimi mkono wangu unafika. Chini ya kiti nimekuta vijiti vya kulia chakula, bado ndani ya karatasi yake. Nimekuta sarafu zenye tundu katikati. Nimekuta risiti ndefu za dukani, miavuli myembamba, kiatu kimoja cha mtoto, ndoana za kuvulia samaki, glovu kubwa ya ngozi ya kudakia mpira, taulo nyembamba zenye maandishi ya buluu, na kadi za mahali wanapokwenda kuoga maji ya moto familia nzima. Kwa vitu hivyo nimewajua Wajapani kuliko ninavyowajua majirani zangu. Najua kwamba siku za kazi hawana muda, na siku za mapumziko wanatoka wote, baba, mama, watoto na nyanya yao, na chakula kwenye visanduku.

Na wakati wa baridi wanakwenda kwenye theluji. Mara ya kwanza nilikuta ramani ya mlima mweupe, imechorwa mistari ya rangi kama mishipa ya damu. Nikamwuliza Nduwayo. Yeye alikuwa ameona kwenye simu. Akaniambia wanafunga mbao ndefu miguuni, wanakalia viti vinavyoning'inia kwenye waya, wanapelekwa juu, halafu wanateleza mpaka chini, halafu wanapanda tena. Kutwa nzima.

"Wanapanda mlima ili washuke," alisema. "Sisi tumepanda milima mingapi tukikimbia, mdogo wangu, na hakuna aliyetupiga hata picha."

Jioni nilimpelekea mama baraka hizo ndani ya mfuko. Alizipanga juu ya kitanda, akaanza kunisimulia habari za wenyewe kana kwamba ni watu wa kijiji chetu. Huyu baba anapenda kuvua samaki, lakini mke wake hapendi harufu. Ona, gari moja lina manukato matatu. Huyu mtoto alilia njia nzima. Ona, biskuti imesagwa. Yaya Wilondja alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, wewe ungekuwa polisi," alimwambia. Yaya alikuwa dereva wa msafara. Kila aliporudi kutoka Lubumbashi alipanda ngazi za ghorofa zote tisa akiimba kwa sauti mbaya makusudi, ili mama amsikie tangu chini.

Mwezi wa kumi na moja, mwaka jana, Papa Asukulu alinisubiri kwenye lango la yadi, kofia mkononi. Nilipoiona ile kofia mkononi nilijua. Gari la yaya lilipinduka barabarani, Zambia. Madereva wenzake walimzika huko huko, kwa sababu tungemletaje? Nilikaa chini kwenye kokoto. Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Mama nitamwambiaje?"

Papa Asukulu alichuchumaa mbele yangu. "Hutamwambia," alisema. "Mama yako ana presha, na daktari amesema asishtuliwe. Akipata nafuu tutakuja wazee, tutakaa naye, tutaanza mbali. Kwa sasa mwambie anakuja."

Siwezi kumlaumu, wapendwa. Kwetu ndivyo ilivyo. Habari ya kifo haitupwi mbele ya mgonjwa kama mfupa mbele ya mbwa. Inangoja apone, inabebwa na watu wazima, taratibu. Ni desturi ya huruma. Lakini ni nani aliwahi kufikiri, je, mgonjwa asipopona?

Nikaanza kusema uongo, mimi ambaye hata ukweli unanishinda kuusema. Yuko mpakani, mama, karatasi za gari zimekwama. Simu yake imeibwa, mama. Ametuma salamu kwa dereva mwingine. Mama aligeuza kiti chake kikaelekea mlango. Kwa vile lifti haifanyi kazi, alikuwa amejifunza kuwatambua watu kwa hatua zao kwenye ngazi. Huyo ni Mama Neema wa mlango wa pili, amevaa ndara. Huyo ni yule Mzulu mlinzi, goti lake moja linauma. Huyo si yeye. Kila jioni aliniuliza, "Ameshafika?" Na mimi nilijibu, "Anakuja, mama." Aliweka sahani ya bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaifunika kwa sahani nyingine. Alfajiri niliila mimi kabla ya kwenda kazini, baridi vile ilivyokuwa.

Sasa nafika kwenye lile gari.

Ilikuwa Januari. Mnajua joto la Durban la Januari, shati linashika mgongo tangu asubuhi. Lilikuwa gari jeupe la familia, la viti saba, mlango wa ubavuni wa kusukuma, na juu ya paa lina vyuma vya kufungia zile mbao za theluji. Nduwayo alikuwa anaosha nje, mimi ndani. Nilikuta baraka nyingi kuliko kawaida. Katika mfuko wa nyuma ya kiti kulikuwa na ramani ya mlima, na glovu mbili ndogo za mtoto zilizounganishwa kwa kamba zisipotee. Chini ya viti vya kati nikatoa soksi ndefu za michezo, kubwa kama zangu, na kalamu, na karatasi ya mtihani iliyokunjwa, imejaa duara nyekundu. Nikafikiri, maskini, huyu amekosa yote. Vyote nikavitia katika mfuko kwa ajili ya mama.

Halafu, kati ya viti vya mbele, nikaona thamosi. Nikaifungua. Mvuke ukanipiga usoni.

Niaminini. Meli ilikuwa imekaa baharini zaidi ya mwezi. Nani aliweka chai ya moto mle? Nilikuwa bado naitazama nilipoona kwamba hata pumzi yangu inatoka kama moshi. Jasho la mgongoni likawa baridi kama chuma. Nikageuka.

Kwenye kiti cha mwisho kabisa alikuwa ameketi mzee. Mjapani, mdogo wa umbo, amevaa koti nene la buluu na viatu vikubwa vya theluji, kofia ya sufu juu ya goti. Mikono ameiweka kwenye mapaja kama mtu aliye katika chumba cha daktari. Mashavu yake yalikuwa mekundu, ungesema ana afya kuliko mimi. Alinitazama kwa heshima sana, kama anayeona haya kunisumbua.

"Wameshashuka?" aliuliza.

Mngejibu nini ninyi? Mtu mzima amekuuliza swali, amekuuliza kwa upole. Sikufikiri. Ulimi wangu ulikuwa umezoea kazi moja tu kwa miezi miwili.

"Bado, mzee," nikasema. "Wanakuja."

Aliinamisha kichwa kushukuru. "Basi nitawasha injini kidogo," akasema, "wakute joto."

Nikatoka nikafunga mlango polepole, kama anayemfungia abiria. Nikarudi kwenye ndoo. Nikakamua kitambaa. Ndipo nikaelewa kitu kimoja. Mzee yule hakuongea Kijapani, wala Kiingereza, wala Kiswahili. Aliongea Kibembe, lugha ya nyumbani kwetu, ambayo hapa Durban naongea na mama peke yake.

Nilirudi mbio nikausukuma mlango. Hapakuwa na mtu. Kiti cha mwisho kilikuwa kimelowa. Thamosi ilikuwa kavu, ndani ina vumbi.

Nduwayo aliniona rangi imenitoka, akauliza kama nimekutana na bosi. Nikarudi kwenye kitambaa changu.

Kesho yake asubuhi tulikuta lile gari linanguruma. Ufunguo ulikuwa ofisini, kwenye msumari wake, tukauona kwa macho. Fundi akakata waya, injini ikazima. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo, vioo vyote vimejaa ukungu kwa ndani. Nduwayo alisema magari ya Japani yana akili nyingi, labda linajipasha moto kwa kumbukumbu ya kwao. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilijua ni nani anapasha moto, na nilijua ni nani aliyemwambia wanakuja.

Siku ya tatu, saa ya chakula, jua lilikuwa kali hata mbwa wa yadi alilala chini ya lori. Nduwayo akagundua kwamba ndani ya gari jeupe kuna ubaridi mzuri. Akaingia, akajilaza kwenye viti vya nyuma, akafunga mlango. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua mkate. Niliporudi nilisikia injini. Nikaona vioo vyeupe.

Nilivunja kioo kwa jiwe. Nilimvuta kwa miguu mpaka kokotoni, na Papa Asukulu akaja mbio akamgeuza ubavu. Mashavu ya Nduwayo yalikuwa mekundu, mekundu vile vile kama ya mzee. Kidogo tumpoteze. Alitapika, akapelekwa hospitali, akarudi kesho yake kichwa kinamgonga. Alichoniambia kwa siri ni hiki: usingizini aliona mzee mmoja anamfunika koti, anamwambia lala, nitakuamsha wakishuka.

Papa Asukulu alikasirika sana, kwa maana kanuni ya pili ilikuwa imevunjwa. Akasema gari lile linaleta shida, kioo kitatengenezwa kesho, na keshokutwa alfajiri litaondoka na msafara. Dereva wake angekuwa kijana anaitwa Bosco, wa rika langu, mke wake ana mimba. Mnajua madereva wa msafara wanalala wapi mpakani? Wanalala ndani ya magari yao, wamefunga vioo kwa sababu ya wezi.

Ningemwambia nani? Ningesema nini? Nilikaa siku mbili hizo nikiwa kama mtu aliyemeza jiwe. Halafu jioni ya mwisho, wengine walipokuwa wanabadilisha nguo, nilibaki. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, jua bado lipo juu ya kilima. Nikachukua ule mfuko wa baraka, ambao nilikuwa sijampelekea mama, nikausukuma mlango wa lile gari nikaingia. Nikakaa kiti cha kati nimeangalia nyuma, nikafumba macho. Nikangoja baridi. Ikaja.

"Wameshashuka?" aliuliza mzee.

Nilitazama viatu vyangu. Lile jibu lilikuwa tayari mdomoni, linajua njia kama mguu unavyoijua ngazi ya nyumbani. Nikalimeza.

"Mzee," nikasema, "ulikuwa unafanya nini hapa?"

Akanieleza, bila haraka. Yeye hatelezi tena, magoti yamezeeka. Kazi yake siku za theluji ni kubaki na gari. Mwanawe na mkwe wanapanda na wajukuu wawili, yeye anaweka chai, anawasha injini ili wakirudi wakute joto. Lakini leo theluji inaanguka sana, akasema, hata dirishani haoni kitu, imepanda mpaka nusu ya magurudumu. Na usingizi unamvuta.

Nikamkumbuka Nduwayo kwenye kokoto. Nikafikiri lile bomba la moshi liko nyuma, chini, mahali ambapo theluji inalifunika kwanza. Kanuni ya pili. Huko kwao hapakuwa na mtu mwenye jiwe.

"Hawaji, mzee," nikasema, na machozi yakaanza. "Walishashuka. Ni zamani. Theluji iliziba bomba, moshi ukarudi ndani, na wewe ukalala. Walikukuta umelala. Hapa si mlimani. Hapa ni Durban, gari limeuzwa."

Nilisikia tu maji yakidondoka kutoka kwenye viatu vyake.

"Watoto," alisema. "Walifika nyumbani?"

Ndipo nilipoufungua mfuko. Mimi sijui mambo mengi, lakini vitu vilivyoachwa ndani ya gari navijua. Nikamwonyesha soksi. Nikamwambia, walifika, mzee. Tazama, hizi glovu ni za mtoto mdogo, lakini soksi hizi zimekutwa katika gari hili hili, na zinanitosha mimi. Wamekua. Mmoja anacheza mpira. Mwingine anasoma, ila huyu, samahani, mtihani umemshinda. Nikampa ile karatasi.

Aliikunjua kwa vidole viwili. Kwa mara ya kwanza uso wake ukabadilika.

"Duara kwetu ni kupata," alisema. "Amepata yote."

Alisoma karatasi ile mpaka mwisho, kisha akairudia. Baadaye alinitazama na ile haya yake ya kwanza.

"Siku ile nilikuuliza. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuonea huruma, mzee."

"Huruma yako imenikalisha," alisema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningepona. Alivaa kofia yake ya sufu, akaweka zile glovu ndogo ndani ya koti, kifuani, akaniachia soksi. Akausukuma mlango mwenyewe, akashuka, akaniinamia mpaka kiunoni, mimi mwosha magari. Halafu akatembea kuelekea kilima cha Bluff. Kila alipokanyaga paliachwa alama nyeupe kwenye kokoto, na kila alama iliyeyuka kabla hajaweka nyingine. Aliuvuka uzio kama si kitu. Joto la Durban likaingia ndani ya gari lote kwa pamoja, nikaanza kutoka jasho.

Nikajua la kufanya. Katika maisha yangu sijawahi kulijua hivyo. Nilitoka mbio nikadaka teksi, basi dogo la abiria, na kila iliposimama kwenye roboti nyekundu, taa za barabarani, nilijifunza maneno, midomo ikicheza, abiria wakinitazama. Mama, keti vizuri. Mama, nina neno, nisamehe nimechelewa nalo. Sitangoja wazee. Mama, yaya hatakuja.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Ghorofa ya nane nikamkuta Mama Neema ameketi kwenye ngazi, ndara moja mguuni, nyingine hana, mikono kichwani.

Alikuwa anakaa na mama kila siku nikiwa kazini. Akaniambia kwamba mchana wote mama alikuwa vizuri. Saa kumi na mbili kasoro, mtu fulani alikuwa anapanda ngazi akiimba. Kijana tu wa ghorofa ya nne, mlevi. Mama akainuka nusu kwenye kiti. Akasema, huyo ndiye. Akamgeukia Mama Neema, akauliza, "Ameshafika?"

"Nikamwambia anakuja, mama, yuko kwenye ngazi," alisema Mama Neema. "Ningesema nini, mwanangu? Mlituambia tuseme hivyo."

Mama alikufa anatazama mlango. Tulipomlaza, shingo yake ilikuwa bado imegeukia huko.

Papa Asukulu alitangaza vifo viwili katika matanga mamoja, na shemasi huyo mwenye sauti kubwa, sauti ilimkatika katikati. Gari jeupe lilifika Lubumbashi salama. Bosco alilalamika tu kwamba ndani kuna joto. Nduwayo amepona, anatania kama zamani, ila halali tena ndani ya gari, hata akibembelezwa.

Na mimi? Mimi niko ghorofa ya tisa, peke yangu. Nilikirudisha kile kiti mezani. Asubuhi nikakikuta kimeelekea mlango. Nikakirudisha tena mara tatu, kisha nikaacha. Kila jioni, watu wanapoanza kurudi na ngazi zikaanza kulia, kiti nacho kinalia, kama mtu anayeinuka nusu. Simwoni. Nasikia harufu ya mafuta yake ya nywele. Halafu sauti yake, karibu sana, kwa lugha yetu: "Ameshafika?"

Mtasema, si unajua dawa? Umemwambia mzee wa watu, mgeni, akainuka akaenda zake. Mwambie na mama yako.

Ndiyo, naijua dawa. Ndiyo maana siandiki barua hii kwa sababu ya woga wa mizimu. Nimeona kwa macho yangu mtu akiambiwa ukweli anafanya nini. Anavaa kofia yake, anafungua mlango, anaondoka, na harudi. Nikimwambia mama, ataondoka. Na hapa Durban nzima hakuna mwingine wa kuniuliza neno kwa Kibembe. Kwa hiyo kila jioni nafunika sahani, nakaa kitandani natazama viatu vyangu, na ninajibu, "Anakuja, mama."

Nawaonya ninyi mnaosoma, hasa mnaoishi mbali na kwenu, ambako habari mbaya zinafika kwa simu, na mgonjwa yuko chumba cha pili. Msimfiche anayengoja. Hata kama wazee wamesema, hata kama daktari amesema, kaeni naye, mshikeni mikono, mwambieni. Mtu anaweza kufa na presha ya habari mbaya, sikatai. Lakini akifa hajui, atangoja wapi, na mpaka lini?

Nimemaliza, ni Alhamisi. Nawaomba mniandikie kupitia gazeti hili. Nimwambie mama, au nimwache abaki nami kidogo? Msiniandikie kwa kunionea huruma. Na kama hamtaandika, semeni tu hamtaandika, nisije nikangoja.